Roketi ya hatua mbili Nyamiaga: nunua nini, okota nini

Tanki la roketi la bei nafuu kuliko yote Nyamiaga, wilayani Ngara, haliuzwi dukani. Ni chupa ya soda ya lita mbili, na inapatikana kesho yake baada ya harusi, kabla wafagiaji hawajapita. Kijana anayetamani kurusha roketi ya hatua mbili kwa kawaida huanza kwa kuulizia injini: zinauzwa wapi, bei gani, zitafikaje Ngara. Swali hilo ni la mwisho, si la kwanza. Nimezipanga njia zote upande kwa upande, na kila nikipiga hesabu narudi palepale: hatua ya kwanza ni nafuu, na kazi yote inaliwa na ya pili.

Sababu ya kutaka hatua mbili inaeleweka. Tanki likishaisha ni mzigo, na anayepanda mlima hana haja ya kubeba debe tupu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea siku yake ya uhuru, setilaiti iliyoitwa Uhuru iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa juu ya roketi ya Scout yenye hatua nne za mafuta makavu. Kila hatua iliyokwisha kuungua iliachwa nyuma. Jukwaa lile na Ngara yako karibu mstari mmoja kwenye ramani, yote kati ya digrii 2 na 3 kusini ya ikweta. Kwa hiyo kwa jiografia hatujapungukiwa na kitu. Tumepungukiwa na bajeti.

Tuanze na njia ya dukani, ile ya Wamarekani. Kampuni ya Estes huuza roketi ndogo za karatasi ngumu pamoja na injini za baruti zilizoshindiliwa kiwandani, kila moja ikiwa na herufi inayoonyesha nguvu yake. Kila herufi ni mara mbili ya iliyotangulia: C inaishia Nyutoni-sekunde 10, D inaishia 20. Kwa hatua mbili unanunua injini ya chini yenye alama kama C6-0. Sifuri hiyo maana yake haina kuchelewa: baruti ikiisha tu, moto unatokea kwa juu na kuiwasha injini ya pili, kwa mfano C6-7, ambayo nayo husubiri sekunde saba kabla ya kufyatua mwavuli. Injini hizo mbili hubandikwa kichwa kwa mkia kwa selotepu. Hakuna waya katikati wala kompyuta. Ni ufundi mzuri sana, na sioni haya kuusifu.

Sasa bei. Roketi yenyewe ya hatua mbili ni kama dola 30. Jukwaa na kiwashio cha betri ni kama dola 35. Pakiti mbili za injini tatu tatu, za chini na za juu, ni kama dola 30 kwa pamoja. Jumla dola 95, na ukihesabu dola kwa shilingi 2,500 unakaribia shilingi 240,000. Kwa fedha hiyo umepata kuruka mara tatu. Mara ya nne unadaiwa injini mbili nyingine, kama shilingi 25,000, zinazoteketea kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha uji. Na hapo sijataja usafiri. Injini hizi ni baruti, hazipakiwi kwenye sanduku la ndege ya abiria, na hapa Tanzania kuingiza na kuhifadhi vitu vya namna hiyo kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Baruti ya mwaka 1963. Shule au chuo chenye uvumilivu kinaweza kufuatilia. Mtu binafsi wa Nyamiaga atatumia nauli nyingi kuliko thamani ya mzigo.

Lipo pia suala la uwanja. Kanuni za usalama za Wamarekani wenyewe zinataka eneo wazi la mita 150 hivi kila upande kwa roketi yenye jumla ya Nyutoni-sekunde kati ya 10 na 20, na injini mbili za C zinakuingiza humo. Uwanja wa mpira haufiki. Zaidi ya hapo kuna upepo: injini ya chini inaungua karibu sekunde mbili, muda unaotosha roketi kuinama, na ikishainama hatua ya pili inawaka kuelekea inakotazama. Kati ya Juni na Agosti, nyasi za vilima vya Ngara zikiwa zimekauka, sitaki kuona injini ya moto ikisafiri kimshazari kuelekea mgomba wa mtu, achilia mbali hospitali.

Njia ya pili ni ya kujipikia mafuta nyumbani, sukari na shura. Nimeiandika ili niikatae. Kule Juja nchini Kenya, wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT wana mradi wa roketi uitwao Nakuja. Hao wana maabara, wahadhiri na mahali pa kujaribia. Wewe una sufuria ya mama. Ngara nayo ina kumbukumbu yake. Novemba 2017, bomu la mkono lililookotwa kama chuma chakavu lilipuka Shule ya Msingi Kihinga, humu humu wilayani, likaua wanafunzi. Anayeokota mabomba ya chuma ili ayageuze kuwa roketi anacheza na mambo mawili, chuma cha kuokota na mlipuko, ambayo wilaya hii imeyalipia tayari. Bei yake iwe ndogo namna gani, hiyo si njia.

Inabaki chupa.

Mimina maji theluthi moja ya chupa ya lita mbili, jaza upepo hadi paundi 60, kisha fungulia. Kwa hesabu ya kalamu, presha hiyo ikisukuma kupitia mdomo wa chupa wenye upana wa milimita 22 hivi inatoa msukumo wa Nyutoni karibu 300 mwanzoni. Maji yote yakitoka umepata kama Nyutoni-sekunde 15. Hiyo ni zaidi ya injini ya C, imeingia daraja la D, na umeilipia kwa jasho la mkono. Nilipoipata namba hiyo niliirudia mara mbili. Dosari ni kwamba roketi ya maji inaanza na uzito wa zaidi ya nusu kilo, wakati ya karatasi ni gramu mia moja na kitu tu, na nguvu yote ya maji inaisha kufumba na kufumbua. Kwa hiyo haitapanda kama ile ya baruti. Lakini itapanda leo, na kesho, na mara hamsini, kwa gharama ileile.

Vya kununua ni vichache. Tenga shilingi 35,000 kwa pampu ya baiskeli yenye geji. Usikubali isiyo na geji hata kama ni nusu bei, maana bila geji hujui unachofanya. Bomba la plastiki la nusu inchi, gundi yake, pete za mpira na tai za plastiki za kufungia nyaya, tenga 15,000. Valvu ya tyubu kuukuu ataitoa fundi baiskeli kwa elfu mbili tatu, au kwa maneno mazuri. Selotepu na boksi, 5,000. Hiyo ni chini ya 60,000, robo ya njia ya dukani, na imeshakurushia roketi.

Kosa la kawaida hapa ni chupa yenyewe. Chupa ya maji ya kunywa ni laini, inabonyea kwa vidole, haikutengenezwa kubeba presha. Chukua ya soda, iliyozoea gesi. Kabla ya kuirusha, ijaze maji hadi juu kabisa kisha isukumie upepo kidogo kidogo hadi kupita presha utakayotumia. Maji hayabanwi, kwa hiyo ikipasuka itamwagika badala ya kulipuka. Ikianza kuonyesha mikunjo myeupe, itupe. Watazamaji wakae mita kumi, na anayepampu avae miwani. Mapezi yakate kwenye ndoo iliyopasuka. Mwavuli wa kushukia mtu angeukata kwenye rambo, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, basi tafuta mwavuli wa mvua uliovunjika mbavu. Kitambaa chake ni bora zaidi.

Ndipo tufike kwenye hatua ya pili. Kwenye baruti ni selotepu tu. Kwenye maji ni mtambo: chupa ya juu lazima ijazwe upepo kupitia ya chini, iwe na valvu isiyoruhusu upepo kurudi, na ishikiliwe mpaka ya chini itakapoishiwa. Njia iliyozoeleka ni kipande cha mpira laini kinachobanwa na presha ya chupa ya chini ili kishike shingo ya bomba la chupa ya juu. Presha ikianguka mpira unalegea na ya juu inachomoka. Tenga shilingi 20,000 nyingine, chupa kumi za kuharibu, na wikiendi zisizo na hesabu. Mtambo huo unaweza kuwa mzito sawa na chupa tupu, na hapo faida ya kutupa tanki imeliwa na kifaa cha kulitupia. Kama lengo lako ni kimo peke yake, elfu ishirini hiyo inunulie gundi nzuri uunganishe chupa mbili kuwa tanki moja refu. Kama lengo ni kujifunza namna roketi inavyoachana na sehemu yake angani, jenga mtambo bila majuto.

Kuna waliowahi kuifanya hesabu hii kwa mapesa makubwa. Kampuni ya Kijerumani ya OTRAG ilirusha roketi zake Shaba, Zaire, mwaka 1977 na 1978. Badala ya injini moja kubwa ya gharama, mpango wao ulikuwa kufunga mabomba mengi yanayofanana katika fungu moja, na valvu zake ziliendeshwa na mota za kufutia vioo vya magari. Tarehe 5 Juni 1978 roketi yao ya tatu ilishindwa Rais Mobutu akitazama. Wazo la mota za vioo bado nalipenda.

Kabla ya kukata chochote, ipo kazi isiyo na bei. OpenRocket ni programu ya bure ya kompyuta iliyoanzia kwenye tasnifu ya mwanafunzi wa Helsinki mwaka 2009. Imetengenezwa kwa roketi za injini za baruti, lakini itakufundisha kwamba kitovu cha uzito kikae mbele ya kitovu cha upepo kwa umbali usiopungua upana wa roketi, na kwamba roketi ya hatua mbili lazima ipite mtihani huo mara mbili: ikiwa nzima, na ya juu ikiwa peke yake. Asiye na kompyuta aifunge roketi kamba palipo na kitovu cha uzito, aizungushe kichwani. Ikitangulia pua, sawa. Ikitangulia mkia, ongeza udongo wa mfinyanzi puani. Kimo kipime kwa kipimapembe chenye uzi na jiwe: ukisimama mita 50 kutoka jukwaani na kuiona kwa digrii 45, imepanda mita 50 na kimo cha macho yako.

Mwambie mwenyekiti wa kijiji siku na saa. Kisha nunua kitu cha mwisho, kalamu ya wino mzito, na uandike ubavuni mwa kila chupa: ROKETI YA MAJI, jina la shule na namba ya simu. Itaangukia shamba la mtu, na watoto wa Ngara wamefundishwa kutogusa vitu wasivyovijua.