Chaja Hujuaje Kwamba Betri Imejaa?

Katika vibanda vya kuchajia simu mjini Tunduma, hasa vile vilivyo karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, simu nyingi hukaa kwenye umeme kuanzia jioni hadi alfajiri. Swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: je, betri iliyokwisha kujaa haidhuriki kwa kuachwa hapo?

Kwanza, ieleweke kwamba kile tunachokichomeka ukutani na kukiita chaja hakiamui jambo hilo. Kazi yake ni kupunguza umeme wa nyumbani wa volti 230 hadi kiwango ambacho simu inaweza kukipokea. Anayeamua ni chipu ndogo iliyomo ndani ya simu yenyewe.

Chipu hiyo haina uwezo wa kuchungulia ndani ya betri. Hupima volti, hupima mkondo unaoingia, na ikiwa imeunganishwa vizuri, hupima joto pia. Utaratibu wake unafanana na ule wa mfanyabiashara wa mahindi anayejaza gunia: mwanzoni humimina kwa debe, gunia likikaribia mdomo hutumia sado, mwisho huongeza kwa viganja. Seli ya kawaida ya lithiamu hupewa mkondo kamili hadi volti zake zifikie 4.2. Hapo chipu huzuia volti zisipande zaidi, na mkondo wenyewe huanza kupungua kadiri betri inavyojaa. Mkondo ukishuka hadi takriban sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo, chipu hukata. Chipu iitwayo TP4056, iliyomo katika vifaa vingi vya bei nafuu, ikipangwa kuchaji kwa ampia 1 hukata mkondo unapofika ampia 0.1. Hii ndiyo sababu asilimia za mwisho za chaji huchukua muda mrefu, simu haijaharibika.

Kwa hiyo simu nzima, yenye betri halali, huacha kuchaji yenyewe. Tatizo huanza chipu inapopewa taarifa isiyo sahihi. Redio ndogo inayopigwa huku ikichajiwa ni mfano mmoja: umeme unaotumiwa na spika hupita katika njia ileile ya betri, chipu huona mkondo haushuki, nayo huendelea kudhani kwamba betri bado ina njaa.

Mfano wa pili ni ile chaja ya kubana betri iliyotolewa kwenye simu, maarufu mitaani kwa jina la kobe. Ina ncha mbili tu, chanya na hasi, ilhali betri nyingi za simu zina kituo cha ziada kinachotoa taarifa ya joto. Betri za lithiamu kwa kawaida zinapaswa kuchajiwa zikiwa kati ya nyuzi 0 na 45 za Selsiasi. Kobe hana njia ya kujua kwamba kiwango hicho kimepitwa, na anayeachwa juu ya godoro au chini ya jua la mchana hulazimika kusimamiwa na mwenye kibanda. Betri iliyovimba isichajiwe tena kabisa, wala isitobolewe.

Umeme wa jua unahitaji maelezo yake, kwa kuwa betri kubwa za asidi zina tabia tofauti. Betri ya volti 12 hupandishwa hadi karibu volti 14.4, kisha hushushwa na kushikiliwa karibu na 13.6 ili isipoteze chaji. Anayefanya kazi hiyo ni chaji kontrola. Baadhi ya kaya huiondoa inapoharibika na kuunganisha paneli moja kwa moja na betri, zikiamini kwamba paneli iliyoandikwa volti 12 hutoa 12. Si hivyo. Kwenye jua kali paneli hiyo huweza kusukuma hadi takriban volti 18. Betri ikishajaa, umeme unaozidi huyagawanya maji yake kuwa oksijeni na haidrojeni, na haidrojeni ni gesi inayolipuka. Maji hupungua, sahani hubaki wazi, na betri iliyonunuliwa kwa kujinyima hufa kabla ya wakati wake.

Betri za namna hiyo ziwekwe mahali penye hewa ya kutosha, mbali na jiko, kibatari na chumba cha kulala, na kontrola iliyoharibika ibadilishwe kabla paneli haijaunganishwa tena.