Nywele fupi: namna ya kuzifunga juu bila kupoteza zile za pembeni

Siku kuu inakaribia, ni harusi, komunyo ao sherehe ya diploma, na binti mwenye nywele fupi anaketi ku kiti cha saluni. Anataka zipande juu, zishikane vizuri, zikae majuma matatu. Lakini nywele zenyewe zina sentimita 6 ao 7 tu. Msusi anavuta. Hazifiki. Anavuta tena. Ngozi ya paji la uso inavutika, macho yanakuwa madogo, na usiku ule hakuna kulala vizuri. Nyumbani wanamwambia: vumilia, kesho itapoa.

Ni kweli itapoa. Ila maumivu yale yalikuwa ni habari, na habari yenyewe ni kwamba mizizi ya nywele inang'olewa polepole. Wanawake wengi wa Goma wenye kuvaa fulari kila siku hawafichi nywele chafu. Wanaficha paji la uso ambalo limepanda juu, na pembeni mwa masikio ambako hakuna kitu tena.

Katika makala hii tunaeleza kwa nini nywele fupi ndizo zinaumia zaidi zikifungwa, na njia tano za kuzipandisha bila kuziharibu. Zote zinawezekana nyumbani, kwa franga kidogo na maji kidogo.

Kinachotokea chini ya ngozi

Kila unywele unatoka ndani ya kifuko kidogo kilicho chini ya ngozi. Kifuko hicho ndicho kinatengeneza unywele, karibu sentimita 1 kwa mwezi. Kila siku tunapoteza nywele 50 mpaka 100, na hiyo si ugonjwa: kifuko kinapumzika, kisha kinaanza upya.

Unywele ukivutwa siku nyingi bila kupumzika, kifuko kinavimba. Kwanza unaona vipele vidogo mahali suka inaanzia, wakati mwingine vyenye usaha. Kisha nywele za pembeni zinakuwa nyembamba na chache. Ukiacha kuvuta wakati huo, zinaweza kurudi baada ya miezi kadhaa. Lakini ukiendelea mwaka kwa mwaka, kifuko kinakufa na mahali pake panabaki kovu. Hapo hakuna mafuta, hakuna dawa ya soko wala kitunguu kitakachorudisha unywele.

Nywele zetu ziko na jambo lingine. Zinatoka zikiwa zimejikunja, na kila kona ya mkunjo ni mahali unywele unaweza kukatika, zaidi sana ukiwa mkavu. Zikiwa fupi, hazina urefu wa kulegea: ili zifike katikati ya kichwa, nguvu yote inaenda ku mzizi.

Wengine wanafikiri huu ni ugonjwa wa watu weusi. Hapana. Mwaka 1907 mganga mmoja aliandika juu ya wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, waliopoteza nywele za mbele juu ya kuzifunga kwa nguvu juu ya kichwa. Huku Afrika, watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha mwaka 2007 hesabu ya kushangaza: karibu mwanamke 1 kwa 3 kati ya wale waliopimwa alikuwa na alama za nywele kutoka juu ya kuvutwa. Kwa wasichana wa shule walikuwa karibu 17 kwa 100. Ni kusema, hii shida inaanza utotoni. Na hatari inakuwa kubwa zaidi mtu akiweka defrizan, kisha juu yake akasuka kwa kubana.

Juu ya nini hapa Goma tunabana sana

Si kiburi tu. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano, kisima si kitu cha kuchimba kirahisi, na familia nyingi zinategemea maji ya ziwa Kivu yanayobebwa kwa bidoni. Kuosha nywele ni kuchagua: maji haya ni ya kichwa ao ni ya kupika? Ongeza vumbi la barabarani na franga zilizo ngumu kupatikana. Kwa hiyo mteja anamwambia msusi: «Fanya ya kudumu.» Msusi naye anajua kwamba suka ikilegea juma la kwanza, mteja atasema kazi ni mbaya na hatarudi. Kila mmoja ana sababu yake, na anayelipa ni paji la uso.

Lakini hesabu hiyo haisimami. Suka ya majuma sita yenye kubana inaokoa maji ya mwezi mmoja, kisha inakupotezea nywele ambazo utazitafuta miaka yote kwa kununua peruke.

Mbele ya kufunga: maji, mafuta, vidole

Usifunge nywele kavu. Chukua kikombe kimoja cha maji safi, weka ndani ya chupa ya kupuliza ao ulowanishe mikono. Gawa kichwa sehemu nne. Lowanisha sehemu moja, weka mafuta kidogo (ya nazi, ya nyonyo, hata vazelini kidogo sana), kisha fungua mafundo kwa vidole. Kichanuo kiwe cha meno mapana, na kianze ku ncha za nywele kikipanda polepole kuelekea mzizi. Anayeanza ku mzizi anavunja.

Maji ndiyo yanalainisha unywele. Mafuta yanazuia tu yasitoke haraka. Kumwaga mafuta mengi juu ya nywele kavu na zenye vumbi hakusaidii kitu.

Njia tano za kuzipandisha

*1. Mafungu ya kolani.* Elastiki nyembamba, na mbaya zaidi ile ya mpira mtupu inayofunga mifuko ya franga, inakata nywele. Tafuta kolani ya zamani, ukate mguu wake kama utepe mpana. Uweke kichwani kama taji, uuvute nyuma polepole mpaka nywele zisimame zenyewe juu, kisha ufunge fundo moja lenye kulegea. Kidole chako kiweze kupita chini yake. Nywele zisipofika katikati, usizilazimishe: fanya mafungu mawili, ao manne. Kwa mtoto wa masomo ya msingi, mafungu manne yanapendeza na hayaumi.

*2. Nywele za uzi.* Hii wamama zetu wanaijua vizuri. Miaka ya 1970, wakati nchi iliitwa Zaïre na siasa ya «Authenticité» ilikataza peruke, nywele za uzi mweusi zilikuwa ndiyo urembo wenyewe, mjini na vijijini. Gawa nywele viwanja vidogo. Shika fungu moja, zungusha uzi kuanzia karibu na mzizi mpaka ncha, kisha ufunge. Siri ni hii: mizunguko miwili ya kwanza, ile ya ku mzizi, iwe laini, nguvu kidogo iwe katikati. Mafungu yakikwisha, unayapinda na kuyaunganisha juu, kama upinde ao kama kikapu. Tena uzi unanyoosha nywele bila moto: ukifungua baada ya siku chache, zimerefuka na ni rahisi kusuka. Usipitishe majuma mawili.

*3. Kusokota na kuchomeka.* Gawa nywele mafungu 12 mpaka 16. Kila fungu uligawe mawili na uyasokote moja juu ya lingine mpaka mwisho. Kisha yale ya mbele uyalaze kuelekea juu, uyashike na pini, na yale ya nyuma uyapandishe vilevile. Nywele za sentimita 5 zinatosha. Chagua pini zenye ncha ya mviringo. Zile ambazo kichwa chake kidogo cha plastiki kimetoka, tupa, juu zinachana ngozi na kukata nywele.

*4. Suka za chini zinazopanda.* Badala ya mistari 20 myembamba, fanya 6 ao 8 minene, yote ikipanda kuelekea katikati ya kichwa, bila meshi. Tanzania wako na mtindo wa mistari ya kwenda nyuma wanaouita «twende kilioni», suka ya haraka ya mtu anayeitwa ku msiba. Jina lenyewe linatufundisha: suka nzuri haihitaji saa sita. Muhimu: mstari uanze upana wa kidole kimoja nyuma ya nywele za mbele kabisa. Zile nywele laini za paji la uso ziachwe huru. Mtindo wa kuzikusanya moja moja ndani ya suka ndio unaozimaliza.

*5. Fulari ao kitambaa cha kikwembe.* Siku ambayo hakuna maji wala wakati, kusanya nywele juu kwa mikono, zungusha kitambaa kuanzia nyuma ya shingo kuja mbele, kisha fundo liwe juu. Nywele za mbele zionekane kidogo. Kitambaa kikiwa cha pamba ngumu, weka chini yake kingine cha satini ao kipande cha nguo laini, juu pamba inakunywa maji ya nywele na kuzisugua. Hicho cha satini ukibaki nacho usiku, suka itadumu zaidi kuliko ile iliyobanwa.

Meshi si adui, uzito ndio adui

Hatusemi watu waache rasta. Lakini unywele wa sentimita 5 kubebeshwa meshi nene inayofika kiunoni, kisha zote zifungwe juu kama mnara, ni kumpa mtoto wa miaka mitano bidoni ya lita 20. Kama unataka meshi, chukua nyepesi na fupi, usifunge juu siku za kwanza, na fungua kabla ya majuma sita. Kisha acha kichwa kipumzike majuma mawili na moja ya njia tano hizi. Kama umeweka defrizan, ngojea majuma mawili angalau mbele ya kusuka.

Na usirudie mahali pamoja. Juma hili fungu liko juu, juma lijalo liwe nyuma, lingine pembeni. Mzizi nao unahitaji siku ya mapumziko.

Ku saluni: mambo ya kusema

Wasusi wengi wanafundishwa na mikono ya wenzao, na wanabana juu ya kutafuta sifa. Sema mapema, mbele ya kuanza: «Yaya, legeza pembeni, nitarudi mapema kuliko kawaida.» Ukisema hivyo, msusi hapotezi kitu, anapata mteja anayerudi mara nyingi. Ikiuma, usingoje mwisho: mwambie afungue mstari ule na aurudie. Ukifika nyumbani na huwezi kuinua nyusi ao kulaza kichwa, fungua usiku uleule. Kunywa kidonge cha maumivu ili kuvumilia suka ni kuzima kengele wakati nyumba inaungua.

Msusi mwenyewe aoshe vichanuo vyake na maji na sabuni kati ya mteja na mteja. Choa ya kichwa inapita hivyo kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine.

Kwa wazazi: mtoto akilia akisukwa, asipigwe na kichanuo kichwani. Hana kiburi, iko inamuuma. Na pale masomo yanapoomba nywele ziwe fupi ao za kusukwa tu, mistari minene yenye kulegea inafuata sheria ileile kama ile ya kubana.

Lini kwenda ku kituo cha afya

Nenda kama kuna vipele vyenye usaha visivyokauka baada ya kufungua suka, kama nywele zinatoka kwa mviringo na ngozi inachubuka (hiyo inaweza kuwa choa, na inahitaji dawa ya kumeza), ao kama mahali pamekuwa laini na kung'aa bila hata tundu la unywele. Hayo ya mwisho ndiyo alama ya kovu. Ukiona tu nywele za pembeni zimepungua, na zile fupi kabisa za mbele zingali pale, bado una nafasi: legeza leo.

Jioni hii simama mbele ya kioo, vuta fulari nyuma, na linganisha upande wa kushoto na wa kulia. Kisha mwangalie binti yako. Paji la uso lake bado liko zima, na wewe ndiwe unashika kichanuo.