Mashine imesema nini hasa?

Kuna usemi ambao umeenea mno katika gereji zetu siku hizi, nao ni huu: "Mashine imesema." Fundi huchomeka kifaa chake chini ya usukani, husubiri nusu dakika, kisha hutamka hukumu. Mashine imesema sensa. Mashine imesema koili. Mwenye gari, ambaye aghalabu hajui hiyo sensa ni mnyama gani, hushika mfuko wake na kuuliza bei. Baada ya wiki mbili taa ile ile ya njano yenye umbo la injini huwaka tena kwenye dashibodi, na mashine, kwa ukaidi wa ajabu, hurudia neno lile lile.

Ninalodai katika makala haya ni kwamba mashine haikusema hivyo kamwe. Ilisema jambo jingine, dogo zaidi na la kweli zaidi, nasi tukalifasiri vibaya. Tafsiri hiyo mbaya inawagharimu fedha nyingi watu wasiokuwa nazo, wakiwemo walimu wenzangu walionunua magari makuukuu kwa mikopo ya ushirika.

Tuchukue mfano mmoja ambao mafundi wengi wanaufahamu: P0171. Herufi ya kwanza inatujulisha kwamba kosa limo katika injini na mitambo inayopeleka nguvu magurudumuni. Sufuri inayofuata inamaanisha kwamba lugha hiyo ni ya watengenezaji wote, wala si ya kampuni moja. Tarakimu 1 inaelekeza kwenye mafuta na hewa. Mbili za mwisho zinataja kosa lenyewe: katika upande wa injini ulio na silinda ya kwanza, mchanganyiko umekonda. Neno hili la kukonda ndilo linalotumiwa na Waingereza wenyewe, nami naliona linafaa sana kwa Kiswahili. Mchanganyiko uliokonda ni ule wenye hewa nyingi kuliko mafuta yanavyostahili. Ulionenepa ni kinyume chake. Basi. Hakuna mahali popote katika tarakimu hizo palipoandikwa "nunua sensa".

Itafaa kukumbuka kwamba mfumo huu haukubuniwa kwa ajili ya kumrahisishia fundi kazi. Ulitokana na moshi wa California. Wakuu wa jimbo hilo walitaka gari lijichunguze lenyewe na kumwarifu dereva pindi linapoanza kuchafua hewa kupita kiasi, na kuanzia magari ya mwaka 1996 sheria ya Marekani ikalazimisha kila gari jipya dogo liwe na tundu la kuchomekea lenye pini 16 na lugha moja ya makosa. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kwa hivyo kompyuta ya gari hufikiri kama mkaguzi wa moshi. Hutoa ripoti ya kile inachokinusa mwishoni mwa safari ya petroli, na kazi ya kutafuta chanzo inabaki kuwa ya binadamu.

Kinachonusa ni ile sensa inayolaumiwa kila mara. Imefungwa katika bomba la moshi, na hulinganisha oksijeni iliyomo katika moshi na ile ya hewa ya nje. Bosch waliitoa mara ya kwanza mwaka 1976, katika magari ya Volvo. Wanafunzi wa Kemia wataelewa mara moja: petroli huungua kikamilifu pale ambapo kila kilo 1 ya mafuta inapata takriban kilo 14.7 za hewa. Moshi ukiwa na oksijeni iliyosalia, sensa za aina iliyozoeleka hutoa umeme mdogo, karibu volti 0.1, oksijeni ikiwa imekwisha, hupanda hadi karibu volti 0.9. Kompyuta huusoma umeme huo na kuongeza au kupunguza mafuta papo hapo, kisha huweka hesabu kwa asilimia ya kiasi ilicholazimika kurekebisha. Katika gari zima, hesabu hiyo haiachani sana na sufuri. Kumi juu au kumi chini si jambo la kutisha. Ikipanda hadi ishirini na kitu na kubaki huko, kompyuta hukiri kwamba mkono wake umefika mwisho, na kuwasha taa.

Mtu akishaelewa hivyo, ataona kichekesho kilichopo. Sensa imeleta habari kwamba kuna hewa iliyozidi, nasi tunaing'oa na kuitupa kwa kosa la kuleta habari. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Si kwamba sensa haiharibiki. Huchoka kama kitu kingine chochote, na zamani petroli yetu yenye risasi ilikuwa sumu kwake, hadi Kenya na nchi nyingine za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilipoachana nayo ilipoingia 2006. Lakini washukiwa wa P0171 ni wengi. Pengine kuna mpira uliopasuka unaovuta hewa ya wizi. Pengine waya mwembamba wenye moto unaopima hewa iingiayo umeshika vumbi, ukawa unahesabu pungufu. Pampu ya mafuta inaweza kuwa imezeeka, au kichujio chake kimeziba, au bomba la moshi limetoboka mbele ya sensa likawa linavuta hewa kutoka nje. Hata plagi isiyowaka barabara huipitisha oksijeni bila kuunguzwa, na sensa ikatoa ushahidi wa kukonda ilhali mafuta yalikuwa tele.

Gari langu mwenyewe lilinifundisha jinsi ya kuwatenga washukiwa hao. Lilikuwa limepita barabara nyingi kabla ya kunifikia, na taa yake ilizoea kuwaka asubuhi za baridi kule Limuru, hasa mwezi wa Julai. Ikifutwa, hukaa siku tisa au kumi, kisha hurejea. Kijana mmoja mwenye kifaa kizuri cha kusomea alinipigia hesabu ya sensa mpya: shilingi 14,000, bila ufundi.

"Mwalimu, mashine imesema sensa," akaniambia.

"Imesema sensa imekufa, ama sensa ndiyo iliyosema?" nikamuuliza.

Akacheka, lakini hakuwa na jibu. Mwingine alinieleza kwamba tatizo ni hewa nyepesi ya milimani, maelezo ambayo yana ladha ya sayansi na hayana sayansi yenyewe. Ni kweli kwamba hata Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa takriban sehemu moja kwa tano. Lakini gari la kompyuta hupima uzito wa hewa inayoingia, kisha hutoa mafuta kwa kadiri yake. Enzi za Peugeot 404 na Datsun zenye kabureta, mwinuko ulikuwa tatizo, tena wa kunenepesha mchanganyiko, si wa kuukondesha.

Nilimpeleka gari mzee mmoja ambaye alijifunza kazi katika enzi hizo hizo, akisikiliza injini kwa bisibisi iliyobanwa sikioni. Kifaa cha kusomea anacho, ila alikitumia tofauti na wenzake. Hakufuta chochote. Alifungua kwanza ile kumbukumbu ambayo kompyuta huihifadhi wakati taa inapowaka, mithili ya picha ya mahali pa ajali. Picha yetu ilionyesha maji ya injini yakiwa nyuzi 38 za Selsiasi, mwendo sufuri, mizunguko 850 kwa dakika. Kwa maneno mengine, gari lilikuwa limesimama, likinguruma polepole, kabla ya kupata joto. Aliitazama picha hiyo kwa muda, akaniomba nimwachie gari lilale kwake.

Sababu ya ombi hilo niliielewa alfajiri yake nilipomkuta tayari ameinua boneti. Aliliwasha likiwa baridi kabisa, akangoja kompyuta ianze kurekebisha, akaniita nisome hesabu: mafuta yaliongezwa kwa asilimia 27. Akakanyaga hadi mizunguko 2,500. Hesabu ikashuka hadi 6. Akaachilia, ikapanda tena. Pampu dhaifu isingefanya hivyo, kwa kuwa pampu hulemewa pale injini inapodai mafuta mengi, si inapopumzika. Tundu la hewa ndilo lenye tabia hii. Injini inaponguruma polepole huvuta hewa kidogo, kwa hivyo hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya jumla. Inapokimbia, wizi ule ule unakuwa sehemu ndogo. Kijiko cha chumvi huharibu kikombe cha uji lakini hakisikiki katika sufuria ya shule. (Tabia hii ni ya magari yanayopima hewa kwa waya wa moto; yale yanayopima kanieneo ndani ya bomba huwa na hadithi yake tofauti.)

Kisha akachukua chupa ya maji ya sabuni akanyunyizia penye maungio ya lile bomba pana linalogawia kila silinda hewa yake. Kwenye ungio la silinda ya tatu ngurumo ikabadilika, na ile asilimia ikaanza kuteremka, kwa kuwa maji yaliziba ufa kwa muda. Wako wanaonyunyizia petroli mahali pa maji, na sipendi kuwaona vijana wakiigiza hilo karibu na injini yenye moto. Gasketi ya mpira ilikuwa imekauka kwa umri. Injini ikiwa baridi gasketi hiyo husinyaa na kuacha mwanya. Ikipata joto hutanuka na kujiziba. Ndiyo maana kila fundi aliyeletewa gari saa sita mchana, likiwa limetoka safarini, hakuona kitu. Gasketi niliipata Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kwa shilingi 900.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu, waama, ni somo zima la Fizikia na Kemia lililoegeshwa nje ya madarasa yetu. Kutanuka kwa vitu kwa joto, kanieneo ya hewa, mwako, uwiano na asilimia, yote yamo. Mwanafunzi anayeweza kukariri kwamba mpira hutanuka ukipashwa moto, na asiweze kujiuliza kwa nini kosa la gari huonekana asubuhi tu, amefunzwa nini hasa? Nashuku kwamba yule kijana wa shilingi 14,000 alipita mtihani wake wa sayansi. Hakukosa akili. Alikosa mazoea ya kuuliza swali la pili, na mazoea hayo hupatikana au hupotea mikononi mwetu sisi walimu, pale tunapoweka alama ya kosa kando ya jibu na kusonga mbele bila kutaka kujua mtoto alilifikiaje. Vyuo vya ufundi vikimpa mwanafunzi kifaa cha kusomea, vimpe pia daftari la kuandikia saa, joto na mwendo.

Fauka ya hayo, liko suala la kufuta. Kufuta kosa ni kazi ya kubonyeza mara moja, na dereva huona taa imezimika akafurahi. Lakini mbonyezo huo huondoa pia ile picha ya tukio, yaani ushahidi pekee wa mazingira ya kosa. Tena hauna haja. Kwa kawaida kompyuta haiwashi taa kwa kosa la mafuta na hewa hadi ilione katika safari mbili zinazofuatana, na kosa likiponywa, hujizimia taa yenyewe baada ya safari tatu safi. Kumbukumbu hufutika baada ya injini kupata joto mara 40 bila kosa kurudi. Mzee wangu alikataa kata kata kufuta. "Wacha izime yenyewe, mwalimu," akasema, "ndipo tutajua tumetibu." Ilizima siku ya nne. Taa ikimetameta badala ya kuwaka tu, hapo pana dharura: silinda haziwaki, petroli mbichi inakimbilia katika chombo cha kusafishia moshi na kukichoma, na dereva apunguze mwendo na kutafuta mahali pa kusimama.

Walio hatarini zaidi ni wanunuzi. Sheria yetu huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, na yakishafika hapa huuzwa tena na tena kati yetu kwa miaka mingine mingi. Muuzaji asiye mwaminifu hufuta makosa asubuhi ile ile unayokwenda kulitazama gari. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini katika biashara hii anayeumbuka ni mnunuzi. Bahati nzuri, kompyuta huacha alama ya ufutaji huo. Kila inapofutwa huanza upya kujipa mitihani: ya chombo cha kusafishia moshi, ya sensa, ya mivuke ya tangi na mingineyo, na baadhi yake huhitaji siku kadhaa za kuendesha ili ikamilike. Kifaa chochote cha kawaida cha kusomea huonyesha ni mitihani ipi imekwisha na ipi bado. Kwa hivyo ukienda kununua gari ukaambiwa kwamba mashine haikuona kosa lolote, omba kuonyeshwa ukurasa huo. Ikiwa mingi ya mitihani bado haijafanywa, mwambie muuzaji, kwa adabu, kwamba utarudi wiki ijayo gari likiwa limeendeshwa kilomita mia mbili au tatu, na umwombe asiguse kitu.