Je, Wajua? Taa ya Oili Ikiwaka, Usimkimbilie Muuza Spea

Je, wajua kwamba taa za oili ni mbili, na kila moja ina habari yake? Nyekundu, yenye kibuyu kinachodondosha tone, ni ya presha: oili haisukumwi inavyotakiwa kwenda kwenye beringi, kwenye krenki na kwenye taabo. Ya njano, kibuyu kilekile lakini mara nyingi chini yake pamechorwa mstari wa mawimbi, ni ya kiwango: oili imepungua kwenye sampo (karai la oili chini ya injini), au sensa inayopima kiwango hicho ina matatizo. Nyekundu ikiwaka, weka gari pembeni na uzime injini hapohapo, hata kama uko kwenye kona za Lukumburu na jua linazama. Njano inakupa nafasi ya kufika mahali tambarare ukapime. Gerejini zote mbili huitwa "taa ya oili" tu, na hapo ndipo hela ya mtu huanza kupotea.

Mshale ulioko kwenye dashibodi ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ule wenye picha ya kibuyu, nao ni wa presha. Haujui umebakiwa na lita ngapi.

Je, wajua kwamba kipimo cha kwanza cha ubovu wa sensa ya oili hakitumii umeme? Ni dipstiki. Egesha pasipo na mteremko (Songea, mji uliolala chini ya milima ya Matogoro, pahala hapo hutafutwa), zima injini, subiri dakika 5 hadi 10 oili irudi kwenye sampo. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena, ndipo usome. Ukisoma mara ya kwanza bila kufuta unasoma oili iliyorukia juu gari likitembea. Kijiti kikisema oili ipo na taa ikashikilia kwamba haipo, sasa una haki ya kuishuku sensa. Kijiti kikisema imepungua, sensa yako ni nzima na imefanya kazi uliyoinunulia. Tafuta oili inakokwenda.

Kwa magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni takribani lita 1 tu. Anayemimina galoni zima kwa sababu taa imewaka anatengeneza tatizo jipya: krenki inaichapa oili, oili inafanya povu, na povu halishiki presha.

Je, wajua kwamba taa ya njano inayowaka mlimani na kuzimika tambarare mara nyingi inasema kweli? Wengi huichukulia kuwa "inachezacheza", wakahukumu sensa. Lakini fikiria kinachotokea ndani ya sampo: gari likipanda au likikata kona, oili yote hukimbilia upande mmoja. Ikiwa imejaa, sensa inabaki imezama. Ikiwa imepungua, sensa inabaki wazi kwa sekunde chache, taa inawaka, kisha barabara inanyooka na oili inarudi. Sensa mbovu hasa haichagui milima. Taa yake huwaka ukiwa umeegesha, huwaka ukiwasha asubuhi, na huwaka gari likiruka tuta.

Mji wa Songea uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai si za mchezo. Oili nzito ya namba 40 ikipoa hivyo hushuka taratibu. Ukiwasha gari dakika moja, ukazima, ukapima palepale, hata dipstiki itakudanganya.

Je, wajua kwamba sensa hizi hazifanani? Ya zamani zaidi, ambayo bado inatumika kwenye Toyota nyingi za dizeli, ni boya lenye sumaku. Boya likishuka na oili, sumaku inafungua au kufunga swichi ndogo iliyofichwa kwenye mrija wa kioo. Swichi ya aina hiyo ilibuniwa na Walter Ellwood wa maabara za Bell, Marekani, mwaka 1936, kwa ajili ya mitambo ya simu. Ya pili ni ya joto: Volkswagen na Audi nyingi huipasha sensa moto kidogo, kisha zinapima inachukua muda gani kupoa. Iliyozama kwenye oili hupoa upesi. Ikikaribia sekunde nzima haijapoa, gari linajua sampo ni kavu. Peugeot na Renault nazo zina waya mwembamba unaopashwa moto mara tu unapogeuza ufunguo, kabla injini haijawaka. Ndiyo maana ukizima gari kwenye kituo cha mafuta na kuwasha tena haraka, zinaweza kukupa jibu la ajabu: oili ilikuwa bado haijarudi chini. Ya tatu hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, yanayopiga uso wa oili na kurudi.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua fundi atapima nini. Sensa ya boya ina waya mmoja au nyaya mbili, na ukishaitoa unaipima ukiwa nayo mkononi: weka multimita, igeuze juu chini, isikilize. Ikilia upande mmoja na kunyamaza upande wa pili, ni nzima. Isipobadilika kabisa, imekufa, au boya limenasa kwenye uchafu. Lakini kuitoa kunadai umwage oili kwanza, kwa hiyo mwenye akili huanzia kwenye soketi. Anaichomoa, anaziunganisha zile nyaya mbili, anatazama dashibodi. Taa ikibadilika, waya na dashibodi havina kosa. Isipobadilika, hata sensa kumi mpya hazitasaidia.

Ujanja huo wa kuunganisha nyaya usiujaribu kwenye sensa ya nyaya tatu. Hapo mmoja kwa kawaida unaleta umeme wa volti 12, mmoja ni ethi, wa tatu unabeba taarifa. Ukiziunganisha ovyo unaunguza fyuzi, au ukikosa bahati unaunguza dashibodi. Washa ufunguo, pima umeme, pima ethi, ndipo ujadili sensa. Ethi iliyolegea au kuota kutu imeuza sensa nyingi kuliko ubovu wa sensa zenyewe. Huo ni msimamo wangu, na fundi umeme yeyote aliyekomaa atacheka akiusoma kwa sababu anaujua.

Je, wajua maana ya LOW kwenye mashine ya kusoma namba za makosa ya gari? Hapa watu huumia. Namba P250C, ya sensa ya kiwango, na P0522, ya sensa ya presha, zote hutokea na neno hilo, na anayesoma harakaharaka husema oili imepungua. Sivyo. Kinachosemwa kuwa chini ni umeme unaorudi kutoka kwenye sensa, kwa mfano waya umechubuka na unagusa bodi. Oili inaweza kuwa imejaa tele. Presha ikianguka kweli, namba yake ni P0524. Kwa Volkswagen na Audi za miaka ya nyuma kuna 00562, sensa ya kiwango na joto la oili, na mara nyingi huipati ukisoma kontroboksi ya injini: imehifadhiwa kwenye dashibodi. Fundi anayesoma injini peke yake atakuambia gari halina kosa huku taa inakutazama.

Je, wajua kwamba oili hupanda ndani ya waya? Waulize wenye Land Rover za TD5, injini iliyoanza kuuzwa mwaka 1998 na ambayo bado inahangaika na barabara zetu. Nyaya za nozeli zake zimepita ndani ya injini, zikiogelea kwenye oili. Miaka ikipita oili inapenya, inatambaa katikati ya nyuzi za shaba chini ya ganda la plastiki, mpaka inafika kwenye kontroboksi. Chomoa soketi nyekundu na utaikuta imelowa, mashimo yake yanang'aa kwa oili, mbali kabisa na inakotoka. Gari linakosa nguvu, linakatakata, na mtu anakimbilia kusafisha nozeli. Sensa ya oili kwenye sampo nayo hupatwa na maradhi hayohayo: mpira wake ukichoka, oili inatokea kwenye soketi. Kwa hiyo kabla ya mashine yoyote, chomoa soketi na uitazame. Oili ndani ya soketi inamaanisha sensa inavuja na ni ya kubadilishwa. Udongo mwekundu na unyevu vinaomba kusafishwa tu, na pini ya kijani ni kutu ya shaba.

Panya pia. Mkoa unaolima mahindi kama Ruvuma haukosi panya, na gari lililoegeshwa jirani na ghala lina kila kitu wanachotaka: joto, giza na nyaya za kutafuna. Fuata waya wote kwa kidole, usitegemee macho.

Je, wajua kwamba maji yanaweza kuifanya sensa iseme oili ipo? Maji ni mazito kuliko oili, hivyo gari likilala usiku maji hutuama chini ya sampo na kuinua oili juu. Boya halijui tofauti. Gasketi ya silinda hedi ikiungua na maji ya rejeta yakaingia, kiwango "kinapanda" na taa inabaki imezimika. Kijiti ndicho kinachosema: oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukikuta hivyo, usiwashe gari tena.

Na dizeli nayo huinua kiwango. Nozeli inayovuja, au sili ya pampu iliyokwisha, humwaga mafuta ndani ya oili. Kwenye dizeli mpya zenye chujio la moshi kwenye eksosi, gari hunyunyiza mafuta ya ziada ili kuchoma masizi yaliyonasa humo. Safari fupifupi za mjini Songea, kama Lizaboni hadi stendi, hazimalizi kazi hiyo, na sehemu ya mafuta hayo huteremkia kwenye sampo. Ukiona oili inaongezeka na hujaongeza, usishangilie. Inuse. Oili yenye harufu ya dizeli imepoteza uzito wake.

Hatari yake kubwa ni hii: injini ya dizeli haina plagi za cheche, inawasha kwa mgandamizo wa hewa peke yake. Oili ikizidi mno, au sili ya taabo ikipasuka, injini huweza kuivuta na kuichoma kama mafuta. Inapiga kelele, inapanda resi, moshi unafunga barabara, na ukizima ufunguo haisikii, kwa sababu haitumii tena mafuta ya tangi. Kwa gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, tia gia kubwa, achia klachi ghafla ife. La otomatiki linahitaji kuzibiwa hewa, si kwa kiganja. Ukishindwa, kaa mbali.

Je, wajua kwamba injini ya dizeli iliwahi kuendeshwa kwa karanga? Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ya aina hiyo ilitembea kwa mafuta ya karanga. 

Je, wajua kwamba sampo inaweza kujaa na injini ikafa kwa kiu? Waliowahi kumiliki Prado au Hilux zenye 1KD-FTV wanajua. Washa za shaba chini ya nozeli zikichoka, gesi ya moto inapenya, inaipika oili, na lami inayotokea inaziba chujio dogo lililozama ndani ya sampo. Kijiti kinasoma juu, taa ya njano imetulia, halafu nyekundu inawaka. Anayesema "ni sensa hiyo, wewe endesha" amekuuzia injini nyingine. Kinachofaa ni kuchomoa swichi ya presha, kufunga geji ya mshale mahali pake, na kusoma presha halisi injini ikiwa ya moto. Ni kazi ya dakika chache.

Baadhi ya BMW na Audi hazikuwekewa dipstiki kabisa. Sensa ikifa hapo, hujui kitu. Ukiagiza gari la namna hiyo na unaishi mbali na mwenye mashine yake, ulifikirie mara mbili.

Na je, wajua kwamba kwenye baadhi ya Volkswagen na Audi taa ya kiwango huzimika kwa kufungua boneti tu? Boneti ina swichi. Ikikaa wazi zaidi ya nusu dakika, gari linadhani umeongeza oili na linaifuta taa. Kama hukuongeza, taa inarudi baada ya kilomita 100 hivi. Fundi anafungua, anainama, anagusagusa, anafunga. Taa imezimika, unamlipa, mnaagana vizuri. Kutoka Songea hadi Mbinga ni takribani kilomita 100.