Jumapili Isiyo na Refa

Mwezi Februari viwanja vya Minnesota huwa chini ya theluji. Wachezaji wa ultimeti wa Carleton College, chuo cha wanafunzi wapatao 2,000 tu lakini chenye mataji ya taifa ya mchezo huu, hufanya mazoezi ukumbini, na wakitaka kukanyaga nyasi inabidi wasafiri. Ndivyo ilivyo kwa vyuo vingi vya kaskazini mwa Marekani. Msimu wao unaanzia ugenini, Charlotte kule North Carolina au Stanford kule California, kwenye mashindano ambayo kwa kawaida huchezwa Jumamosi na Jumapili. Timu nyingi ni klabu za wanafunzi wenyewe. Wanachangishana fedha, wanakodi magari, wanapokezana usukani usiku, wanabanana katika vyumba vya hoteli, na Jumatatu kila mtu anatakiwa darasani.

Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa kurushiana kisahani cha plastiki cha gramu 175, saba kwa saba, katika uwanja mwembamba kuliko wa soka. Aliyekishika haruhusiwi kukimbia. Anakita mguu mmoja, anageuka huku na huku, na ana sekunde kumi za kukirusha, huku mkabaji wake akizihesabu kwa sauti mbele ya uso wake. Pasi ikidondoka, ikinaswa au ikitoka nje, kisahani ni cha wapinzani. Bao hupatikana kwa kukidaka ndani ya eneo la mwisho wa uwanja. Tena hakuna refa. Anayetendewa faulo huitangaza mwenyewe, na anayetuhumiwa hukubali au hukataa.

Wanafunzi wa Columbia High School, mjini Maplewood, New Jersey, ndio walioubuni mwaka 1968. Vyuo vilikutana kwa mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1972, Rutgers ikaifunga Princeton mabao 29 kwa 27. Tarehe kama hiyo mwaka 1869, vyuo hivyohivyo viwili vilikuwa vimecheza mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya vyuo katika futiboli ya Kimarekani. Futiboli ile leo ina viwanja vikubwa, mikataba ya televisheni na kundi zima la waamuzi. Ultimeti ya vyuo imebaki mikononi mwa wachezaji wake, na mtu akitaka kuona jambo hilo lina uzito gani, asitazame mechi ya kwanza ya Jumamosi. Asubiri Jumapili mchana.

Jumamosi ni ya mechi za makundi, tatu au nne kwa siku, kila moja kama saa moja na nusu, hadi mabao 13 au 15 au muda uishe. Na mara nyingi anayeamua ni upepo. Kisahani kinachorushwa kuukabili upepo hunyanyuka na kuelea, na beki anakifikia bila haraka. Kinachorushwa upepo ukiwa mgongoni hudidimia kabla ya kumfikia mlengwa. Mrushaji mzuri hukizungusha kwa nguvu zaidi, kwa kuwa mzunguko ndio unaokishikilia kisiyumbe, na hukipitisha chini. Wapinzani nao huacha kukaba mtu kwa mtu, watatu wao wakamzingira mrushaji, mmoja akimkaba kwa karibu na wawili wakisimama mbali kidogo, hatua tatu hivi, ili alazimike kupiga pasi ya juu.

Hesabu ya mabao siku ya upepo ni nzuri kuifuata. Baada ya kila bao, timu iliyofunga hubaki upande ule ule iliofungia na kuwarushia wapinzani walio upande wa pili. Ikiwa bao limefungwa kwa kufuata upepo, wanaopokea nao watashambulia kwa kufuata upepo, kwa hiyo timu mbili zinaweza kulipana mabao mfululizo bila yeyote kutangulia kwa maana. Lakini mmoja akifunga akiukabili upepo, mambo hugeuka: wapinzani sasa wanapokea huku upepo ukiwapiga usoni, na wakikipoteza kisahani, aliyefunga anarudi kushambulia kwa urahisi. Bao moja la namna hiyo mara nyingi huzaa la pili.

Kocha naye ana kishawishi chake siku hiyo ya Jumamosi. Chama cha USA Ultimate hupanga viwango vya timu kwa kuangalia tofauti ya mabao pia, si ushindi peke yake, na viwango hivyo ndivyo vinavyoamua kanda ipi kati ya kanda 10 ipate nafasi za nyongeza katika fainali za taifa. Timu inayoongoza 11 kwa 6 bado ina sababu ya kuwaacha nyota wake uwanjani. Mimi naona ni kosa, na sababu yake iko kwenye misuli. Mchezo huu ni wa kukimbia kasi na kusimama ghafla, na ule usimamaji ndio unaochana nyuzi za misuli ya paja na kigimbi. Maumivu yake hayaji palepale. Huanza kusikika kesho yake na kuzidi kesho kutwa. Wachezaji waliochezeshwa kupita kiasi Jumamosi huamka Jumapili wakishuka ngazi za hoteli kwa kushika ukuta, na mechi za mtoano zinawasubiri.

Hapo ndipo uchovu unapogusa uadilifu. Mkabaji aliyechoka huchelewa nusu hatua, na kuchelewa nusu hatua ni kugongana. Tuseme ni robo fainali, 12 kwa 12. Pasi ndefu imepigwa, wawili wanaruka, mabega yanakutana, kisahani kinaanguka. Mshambuliaji anapiga kelele: faulo. Wote wanasimama walipo. Mkabaji anahema, mikono kiunoni, na ana sekunde chache za kujiuliza: nimemgusa kabla hajakishika, au tumegusana wote kisahani kikiwa kimeshapita? Wenzake wanaweza kumkumbusha kanuni, lakini kauli ni yake. Akikubali, mshambuliaji anapewa kisahani. Akikataa, kinarudi kwa mrushaji kana kwamba pasi ile haikupigwa.

Nauheshimu sana utaratibu huo wa kurudisha. Hauhitaji kumjua msema kweli. Unafuta tukio tu, mchezo unaendelea. Ila haumwadhibu mwongo. Mkabaji asiye mkweli akikataa, ameokoa nafasi nzima ya bao bila gharama yoyote. Kanuni imemwachia mlango wazi kwa makusudi, na kinachomzuia ni yeye mwenyewe, pamoja na wenzake, ambao kwa desturi ya mchezo wanatarajiwa kumwambia nahodha wao au rafiki yao: ulimgonga, kubali. Mchezaji wa mwaka wa kwanza akimsikia nahodha akisema hivyo 12 kwa 12, amejifunza jambo ambalo mazoezi ya ukumbini hayawezi kumfundisha.

Baada ya mechi kila timu huipa nyingine alama za moyo wa mchezo katika vipengele vitano: kujua na kutumia kanuni, faulo na mgusano, haki, tabia, na mawasiliano. Kila kipengele ni 0 hadi 4, na 2 ndiyo alama ya kawaida. Klabu za Nairobi na Kampala nazo hucheza kwa msingi huohuo wa kujiamulia.

Wapo wanaosema mfumo huu haufai pale ushindi unapokuwa na thamani kubwa, na hoja yao si ya kupuuzwa. Katika fainali za vyuo tayari wapo wasimamizi wanaoamua kama mguu umetoka nje, na wanaotoa uamuzi pale wachezaji wakishindwa kuelewana. Ligi ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, iliyoanza mwaka 2012, ilikwenda mbali zaidi ikaweka marefa kamili. Lakini hata ligi hiyo iliingiza kanuni inayomruhusu mchezaji kumwendea refa na kufuta uamuzi uliompendelea yeye. Anasema nilimgusa, au kisahani kiligusa chini, na refa analazimika kugeuza.