Istilahi za Bei ya Mafuta: Kikomo, Elekezi na Ushindani wa Haki

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Same hupita Mombo, kisha hufika Mazinde, katika uwanda ulio chini ya milima ya Usambara. Mazinde ni mahali pa njia tangu zamani. Katika karne ya 19 Semboja, mtawala wa ukoo wa Wakilindi, aliweka makao yake hapo ili awe karibu na njia ya misafara. Misafara ya leo ni malori, mabasi na pikipiki. Mwendesha pikipiki akiona kwamba vituo viwili vya barabara hiyo, ambavyo wengi huviita sheli kwa jina la kampuni moja, vinauza petroli kwa bei iliyo sawa hadi shilingi ya mwisho, huuliza: je, hawa wanashindana au wamekubaliana? Swali hili ni la uchumi na sheria, lakini halijibiki kabla ya maneno yake kuwekwa sawa. Kwa hiyo tumeona yafaa tuyaeleze hapa.

1. Bei kikomo. Soko la mafuta la Tanzania lilifunguliwa mwaka 2000, na wauzaji wakaachiwa kujipangia bei. Mwaka 2009 EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ilianza kuweka kikomo. Tangazo lake hutoka kila mwezi, nalo lina jedwali la miji na wilaya. Korogwe, Handeni na Lushoto kila moja ina bei yake. Bei hiyo hujengwa kwa gharama ya mafuta katika soko la dunia, nauli ya meli na bima, thamani ya shilingi mbele ya dola, malipo ya bandari, kodi na tozo, faida ya mwuzaji wa jumla na ya mwuzaji wa rejareja, pamoja na gharama ya kuyasafirisha hadi wilayani. Kikomo ni mwisho usiovukwa. Auzaye chini yake hana kosa, mradi asishuke chini ya kima cha chini. Auzaye juu yake amevunja sheria.

2. Bei elekezi. Neno hili hutumiwa sana badala ya bei kikomo, nasi twaona kwamba matumizi hayo yanapotosha. Kuelekeza ni kuonyesha njia, si kuweka mpaka. Mnunuzi adhaniye kwamba bei iliyotangazwa ni elekezi tu hatadai haki yake atozwapo zaidi. Na mwenye kituo adhaniye kwamba kikomo ni bei iliyoamriwa hataona sababu ya kuishusha. Hivyo kosa la neno moja humtoa mtu fedha mfukoni.

3. Kima cha chini cha bei. Kanuni iliyotangazwa mwaka 2022 iliweka pia mpaka wa chini. Lengo la mpaka wa namna hii ni kumzuia mwenye mtaji mkubwa asiuze kwa hasara kwa muda ili awafilisi wadogo, kisha abaki peke yake sokoni. “Bei ya chini” haifai kuwa istilahi yake, kwa kuwa msikilizaji huielewa kuwa ni bei nafuu. Twapendekeza “kima cha chini cha bei”, kwa mfano wa kima cha chini cha mshahara, ambacho kila mfanyakazi anakifahamu.

4. Kulingana kwa bei na kupanga bei. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inawakataza washindani kupatana bei. Hapa hatuna budi kutenga mambo mawili. Bei zaweza kulingana bila ya mapatano. Tangu mwaka 2012 mafuta huagizwa kwa pamoja, hivyo gharama za kuyaleta hukaribiana. Na kikomo cha wilaya ni kimoja kwa wote. Mfanyabiashara huvutwa na kikomo kama maji yavutwavyo na bonde. Kupanga bei ni jambo jingine: ni njama, nayo huhitaji ushahidi wa mapatano. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu si mvua.

5. Kuhodhi na kuchakachua. Ushindani wa haki hauonekani katika bei pekee. Mwezi wa Agosti 2011, baada ya bei kushushwa, vituo vingi viliacha kuuza, na EWURA ikalazimika kuchukua hatua. Mwaka 2023 pia baadhi ya vituo vilifungiwa kwa kuficha mafuta vikingojea bei mpya. Kitendo hicho ni kuhodhi. Kwa upande mwingine, auzaye kwa bei nafuu mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa hashindani kwa haki. Ndiyo sababu mwaka 2010 mafuta yalianza kutiwa vinasaba, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa tamaa ya kuyachanganya. Neno “uchakachuaji” lilienea wakati huo, hata likaingia katika mazungumzo ya siasa.

Je, mwendesha pikipiki wetu ajibiwe nini? Sheria imeacha nafasi ya ushindani kati ya kima cha chini na kikomo. Bei zilizolingana kwenye kikomo zaonyesha kwamba nafasi hiyo haikutumika, lakini hazitoshi kuthibitisha njama. Kituo hutakiwa kuonyesha bei zake, pamoja na punguzo kama lipo, kwenye bango linaloonekana, na mnunuzi hushauriwa kudai stakabadhi. Bali yule wa kijijini anunuaye petroli ya chupa hana bango wala stakabadhi, na kikomo cha wilaya hakimfikii. Haki yake ni ndogo kuliko ya wote, hali yeye ndiye aliye mbali na kituo.

Basi twawaomba waandishi na watangazaji waseme “bei kikomo” panapohusika kikomo, na “njama” pale tu ilipothibitishwa.