Tarehe Moja, Maana Mbili

Tuseme mtoto wako alizaliwa 09/04/2024. Wewe unajua ni tarehe 9 Aprili, na mhudumu wa kliniki anajua hivyo hivyo. Lakini zipo programu za kompyuta zinazofuata desturi ya Kimarekani, mwezi kwanza. Hizo zitasoma tarehe 4 Septemba.

Chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akitimiza miezi 9. Mtoto huyu anatakiwa kuchanjwa Januari 2025, ila orodha ya kompyuta itamwita Juni. Ni karibu miezi 5 bila kinga, kambini ambako nyumba zimebanana na surua husambaa kwa hewa. Ubaya wa kosa hili ni kwamba linajificha. Tarehe kama 25/04 haigeuziki, kwa sababu hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo sehemu kubwa ya orodha huonekana sawa.

Kambini shirika moja huandikisha familia, jingine huchanja, jingine hushughulikia lishe, na kila moja laweza kuwa na programu yake. Programu hizo haziwezi kuulizana "ulikuwa na maana gani?" kama watu. Lazima muundo wa kuandika ukubaliwe mapema. Kwa tarehe, muundo huo upo tangu 1988: kiwango cha kimataifa ISO 8601, yaani mwaka, mwezi, siku, 2024-04-09.

Nambari nazo zina mtego wake. Aliyesoma Kongo au Burundi kwa Kifaransa huandika mzunguko wa mkono wa mtoto 12,8 sm. Aliyesoma Tanzania huandika 12.8. Katika faili nyingi zinazotumwa kutoka programu moja kwenda nyingine, koma ndiyo hutenganisha safu. Basi 12,8 hukatwa: 12 hubaki, 8 huangukia safu ya jirani. Mpaka wa utapiamlo wa kadiri ni 12.5, hivyo mtoto mzima anahesabiwa mgonjwa! Ukiandika kwa milimita, 128, koma haipo tena.

Na majina? Juma wa Kigoma ni Djuma ng'ambo ya ziwa. Hapo nambari ya usajili ndiyo inayookoa.

Ukienda kliniki, beba kadi ya mtoto pamoja na karatasi ya usajili wa familia. Mwombe mhudumu aandike mwezi kwa maneno: 9 Aprili 2024. Kisha mwombe akusomee tarehe iliyoko kwenye kompyuta. Ikiwa mwezi si wenyewe, mwambie hapo hapo, kabla hujaondoka.